Njia ya Tunduma

Aondokaye Ubungo, mtaa uliokuwa zamani sehemu ya Kinondoni, akielekea bara, hukanyaga mgongo wa historia. Barabara hupita Kimara, Kibaha, Chalinze na Morogoro; hukata mbuga ya Mikumi, hufuata bonde kame la mibuyu kando ya Mto Ruaha Mkuu, kisha hupanda kwa mizunguko mlima wa Kitonga, hata kwenye baridi ya Iringa na Mbeya. Mwisho wake kwetu ni Tunduma.

Haikujengwa kwa biashara peke yake. Tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi huko Rhodesia, na njia ya shaba na mafuta ya Zambia ikaingia mashakani. Madereva wakabeba mapipa ya mafuta juu ya udongo uliokuwa vumbi kiangazi na tope masika. Bomba la mafuta likakamilika mwaka 1968; lami ikafuata, kwa mikopo ya Marekani na Benki ya Dunia; Wachina wakajenga reli. Jirani asiye na bahari akapata pwani.

Lakini njia ina gharama yake. Mwaka 2017 nyumba nyingi za Kimara, zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara, zilibomolewa ili njia ipanuliwe. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kila lori lipitapo, yafaa tuulize kama mwenyeji wa kando ya njia naye amepona.