Bugaluu la Nyakato: sinema, cherehani na nguo za wazee wetu

Siku ya kufungua belo la mitumba pale Nyakato Sokoni, Mwanza, watu hawasalimiani kirefu. Macho yote yako kwenye kisu. Mwenye mzigo anakata mikanda, belo linashusha pumzi, na nguo zilizobanwa kwa wiki nyingi melini zinaanza kuvimba zenyewe juu ya turubai. Harufu yake kila aliyekulia kwenye mitumba anaijua: dawa, vumbi, na sanduku la mtu usiyemjua. Wanaoingiza mikono kwanza ni wale waliokubali kulipa zaidi ili wachague kabla ya wengine.

Asubuhi moja niliona ikitoka suruali ya kodrai ya kahawia, kiunoni nyembamba, chini imefunguka kama kengele. Kijana mmoja aliikumbatia kabla hata hajaikagua vizuri. Mzee aliyekuwa anapita na baiskeli yake akasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hilo bugaluu umelitoa wapi?"

Kijana akaonyesha belo. Mzee akalishika pindo kwa vidole viwili, akaugeuza mshono kwa ndani, akautazama kwa muda. Kisha akasema, "Sisi tulizishonesha." Akapanda baiskeli yake, akaelekea upande wa Buzuruga.

Neno lile halijanitoka hadi leo. Vijana wa siku hizi wanapenda sana vya zamani: mashati yenye kola ndefu, magauni ya maua, viatu vya raizoni, filamu za enzi za babu zao. Nami napenda, tena kwa moyo wote. Lakini mapenzi hayo tunayasimulia kana kwamba vitu hivi vilitufikia vikiwa tayari vimezeeka, ndani ya belo, kutoka kwa watu wengine. Historia ya Nyakato inasema jambo tofauti. Mtindo huu wa kizamani uliwahi kuwa mpya hapa hapa, na mikono iliyoutengeneza ilikuwa ya watu wa hapa.

Nina picha moja ya baba. Amesimama studio, mguu mmoja mbele, mkono mmoja kiunoni, nyuma yake pazia lililochorwa ziwa na mawe. Suruali ni pekosi, pana kiasi kwamba viatu havionekani. Shati ni la kitenge, kola yake imelala mabegani kama mabawa ya ndege. Nilipokuwa mdogo niliamini kuwa baba aliwahi kuigiza sinema. Nilipomuuliza alicheka, akaniambia kitambaa cha shati alikinunua hapa hapa, kitambaa cha Mwatex, na mshono alimwelekeza fundi mwenyewe baada ya kutoka kuangalia picha mjini.

Kwa watoto wa leo, Mwatex ni jina la kituo na mtaa. Kwa wazazi wetu lilikuwa jina la mshahara. Kiwanda hicho cha nguo cha Mwanza kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati mji huu ulipokuwa mji wa pamba kuliko chochote kingine. Wakulima wa Usukuma walikuwa wameshaungana mwaka 1955 chini ya muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, Paul Bomani akiwa kinara wao, na fedha ya pamba ndiyo iliyosomesha watoto na kuezeka nyumba kwa mabati. Jambo lililowauma ni kuona pamba yao inapakiwa ikiwa nyuzi tupu na kurudi ikiwa shati la bei mbaya. Kiwanda kikawa jibu. Dar es Salaam walijengewa Urafiki na Wachina, kikafunguliwa mwaka 1968. Cha Mwanza kilijengwa na kampuni ya Kifaransa. Wachumi wamevilinganisha viwili hivyo kwa miaka mingi, kwa sababu cha Wachina kiliajiri watu wengi na cha Wafaransa kilitegemea zaidi mashine za gharama kubwa. Hoja hiyo ni nzito na ina haki yake. Mimi nataka kukaa na yule kijana aliyetoka zamu jioni, nyuzi zimemganda kwenye nywele, akaoga na kuvaa kwenda sinema.

Mjini kulikuwa na Liberty na Tivoli. Jina la Liberty limebaki kwenye mtaa, na watu hulitaja kila siku wakielekezana njia bila kukumbuka kuwa pale kulikuwa na giza tamu, viti vya kukunja na mwanga mmoja ukipita juu ya vichwa. Tanganyika na Zanzibar zilikuwa na utamaduni mkubwa wa sinema kuliko wengi wanavyodhani. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2018 kiitwacho Reel Pleasures, ameeleza jinsi miji yetu ilivyokuwa na majumba ya sinema karibu 40, mengi yakijengwa na wafanyabiashara wa Kihindi waliozaliwa huku, na jinsi Jumapili ilivyokuwa siku ambayo familia nzima hutoka. Watu hawakwenda kuangalia picha tu. Walikwenda kuonekana.

Na walikwenda kuiba mishono. Naitumia "kuiba" kwa heshima zote. Mtu alikaa kwenye kiti, macho yake yakapima kola, mifuko, urefu wa pindo, akatoka pale akiwa amebeba gauni zima kichwani. Filamu ya Kihindi ya Bobby, ya mwaka 1973, ina msichana mwenye blauzi ya madoadoa iliyofungwa fundo kiunoni. Deewaar ya mwaka 1975 ina Amitabh Bachchan aliyefunga shati lake fundo namna ile ile. Hakuna duka lililouza vitu hivyo Nyakato. Kulikuwa na kitambaa, kulikuwa na fundi, na kulikuwa na mteja anayeeleza kwa mikono: hapa panda, hapa bana, chini mwaga. Fundi ambaye pengine hakuiona ile picha aliishona kutokana na simulizi. Nguo iliyotoka haikufanana kabisa na ya Bombay, na hapo ndipo ulipo uzuri wake. Ilikuwa na kitenge mahali pa hariri. Ilikuwa na mikono mifupi kwa sababu ya joto la hapa.

Serikali haikufurahia yote haya. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, ulitangaza Operesheni Vijana, ukipiga marufuku sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana, na amri ikaanza kutumika jijini Dar es Salaam Januari 1, 1969. Wasichana walivamiwa barabarani na kudhalilishwa kwa sababu ya urefu wa sketi. Nikiwasikia watu wakisema kwa hamu kwamba zamani kulikuwa na adabu, nawakumbuka wasichana hao. Wakati ule, kuvaa ulichokipenda kulihitaji ujasiri ambao picha za studio hazionyeshi.

Waliokataliwa suruali za kubana walirudi miaka michache baadaye na suruali pana kuliko mlango. Bugaluu, pekosi, raizoni: maneno yenyewe yana mdundo.

Halafu giza likaja taratibu. Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968, ilikuwa imekabidhiwa kazi ya kuagiza na kusambaza filamu, na mwaka 1971 majengo mengi makubwa, ya sinema yakiwemo, yalitaifishwa. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipokwisha, nchi ilikuwa haina fedha za kigeni. Mashine zilikosa vipuri, maduka yakakosa khanga, sabuni, hata nyuzi za kushonea. Mama yangu alikuwa na gauni moja la sikukuu ambalo alilipunguza, akalipanua, akaligeuza sketi, mwishowe akanishonea mimi kaptura. Kaptura ile naikumbuka kuliko nguo yoyote niliyowahi kununua. Mfuko wake mmoja ulikuwa na ua jekundu lililokatwa nusu.

Mlango wa biashara ulianza kulegezwa mwaka 1984, na ukafunguliwa zaidi chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeapishwa Novemba 1985 na kupewa na wananchi jina la Mzee Ruksa. Mitumba ikaingia. Mwanzoni watu waliiita kafa Ulaya, wakiamini ni nguo za marehemu, na wako waliochemsha kila walichonunua kwenye sufuria kwa chumvi. Hofu hiyo ilikufa yenyewe. Mlango Mmoja, kule mjini, pakawa mahali pa kuvalisha mkoa mzima, na Nyakato nayo ikapata watu wake wa turubai. Kiwanda kilichoshindana na uchakavu wake chenyewe sasa kilishindana na nguo ya bei ya maandazi. Baadaye kilibinafsishwa, na enzi yake kubwa haikurudi.

Mimi nilikulia hapo katikati, na sinema yangu haikuwa Liberty. Ilikuwa kibanda umiza.

Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni hadi mwaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, tena ya rangi. Sisi tulikuwa na deki. Mtu mmoja alileta deki na televisheni, akazungushia mabati na magunia, akaweka mabenchi yasiyo na mgongo, akaandika kwa chaki ubaoni majina ya picha za siku hiyo. Ndani joto la mchana lilikuwa kama la tanuri. Umeme ukikatika, hakuna aliyeondoka, maana kuondoka ni kupoteza kiti. Tulikaa gizani tukisimuliana kilichokuwa kinafuata, kwa sababu wengi wetu tulikuwa tumeshaiona picha ile mara nne.

Tulimwona Bruce Lee pale. Alifariki Julai 1973, kabla hata Enter the Dragon haijaonyeshwa Marekani, lakini sisi hatukujua. Kwetu alikuwa hai, na stelingi hafi. Tulimwona Amitabh na Dharmendra katika Sholay, Franco Nero akiburuta jeneza katika Django. Picha zilizokuwa mpya wakati baba yangu ni kijana zilitufikia zikiwa zimechujuka, mistari myeupe ikipita katikati ya sura za watu, na tukazipenda hivyo hivyo zilivyo. Baba alipojua nimeiona Sholay alikaa kitako, akaanza kunisimulia. Jioni ile ndiyo mara ya kwanza tuliyozungumza kama watu wawili waliokuwa mahali pamoja.

Halafu kulikuwa na Lufufu. Kwa jina halisi Derek Gaspar Mukandala, askari mstaafu, alichukua filamu za watu wengine na kuziwekea sauti yake kwa Kiswahili. Neno kutafsiri halitoshi. Alieleza, alionya, alimtania adui, aliwapa wahusika tabia za majirani zetu. Ng'ambo ya ziwa, Uganda, kazi hiyo hiyo ina mabingwa wake, wanaoitwa vijei. Wapo wanaolalamika kwamba watu hawa waliharibu filamu. Naona kinyume. Lufufu alifanya kwa masikio kile ambacho fundi wa Nyakato alifanya kwa mkasi: alipokea kitu cha mbali, akakipima kwa mwili wa mtu wa hapa, akapunguza, akaongeza.

Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo 2019, ili viwanda vya nguo vipumue. Marekani ikatishia kuziondolea nafuu za kibiashara, na Rwanda pekee ndiyo iliyoshikilia msimamo, ikasimamishiwa nafuu za nguo mwaka 2018. Mabelo yanaendelea kufika Nyakato. Wanaoyachambua ni vijana wanaosomesha wadogo zao kwa kazi hiyo, na siwezi kuwaombea ikome kabla hawajapata nyingine. Ila ninapopita upande wa Mwatex, moyo huniuma.

Yule kijana wa kodrai nilimfuata. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi mmoja mama, mwenye cherehani ya miguu chini ya kivuli cha bati, kando ya barabara ya Musoma. Suruali ilikuwa ndefu na imelegea kiunoni. Mama aliigeuza ndani nje, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye mkanda wa kiuno, akamwonyesha vitundu vidogo vidogo vya sindano vilivyojipanga pembeni ya mshono.

"Hii imeshapanuliwa mara mbili," alisema. "Mwenyewe alinenepa nayo."

Kijana akainama kutazama. Mama akachukua kipande cha chaki, akamwambia asimame wima avue mkanda wake, akampima kiuno kwa utepe.

"Nibane kiasi gani?"

Kijana akatoa simu, akamwonyesha picha. Mtu wa zamani, kwa rangi nyeusi na nyeupe, mguu mmoja mbele, mkono kiunoni.

"Ni babu," alisema. "Nataka ikae kama yake."

Mama aliisogeza simu karibu na miwani, akaitazama picha kwa muda mrefu, kisha akaweka alama ya kwanza ya chaki.