Wafanya Biashara wa Butembo na Barua ya Benki

Ukinunua kitambaa sokoni, mkono mmoja hutoa fedha na mwingine hupokea kitu. Lakini mnunuzi akiwa Butembo na muuzaji akiwa Dubai au Guangzhou, nani atangulie? Atangulizaye fedha aogopa kuibiwa. Naye atangulizaye mzigo aogopa vilevile.

Dawa ya shida hiyo katika nchi nyingi ni barua ya dhamana ya benki. Benki ya mnunuzi humwahidi muuzaji kwa maandishi kwamba atalipwa mara atakapoleta hati zilizotajwa: ankara, hati ya bima, na hasa hati ya shehena itolewayo na wenye meli. Kanuni zake zilitolewa kwanza mwaka 1933 na Chemba ya Biashara ya Kimataifa iliyoko Paris. Zile zitumikazo leo zilianza mwaka 2007. Wasomaji waangalie jambo moja: benki hukagua karatasi, haifungui masanduku. Hati zikipingana, benki yaweza kukataa kulipa; na zikiwa sawa hulipa, hata kama vitambaa ni hafifu kuliko vilivyoagizwa.

Basi, wafanya biashara Wanande wa Butembo na Beni, katika Kivu ya Kaskazini, kwa miaka mingi wameleta makontena kutoka Asia kwa njia ya Mombasa, Uganda na mpaka wa Kasindi, na wengi wao bila barua hiyo. Je, ni kwa ujinga? Hata kidogo. Barua ya benki yafaa pale tu ambapo benki yenyewe yaaminika. Novemba 1973 Mobutu alitangaza kuwanyang'anya wageni maduka na mashamba yao, na biashara ya nchi ikavurugika. Oktoba 1993 ilitolewa zaire mpya, moja kwa 3,000,000 za zamani, nayo ikaoza upesi kama ile ya kwanza. Akiba za watu zikayeyuka. Muuzaji gani wa ng'ambo angeipokea dhamana ya benki za namna ile?

Kwa hiyo Wanande waliweka watu mahali pa karatasi. Kahawa na dhahabu ziliuzwa nje (mara nyingi kwa magendo, tusifiche), na fedha zake zikanunua bidhaa huko huko bila kupita katika benki za Zaire. Mtu wa kwao aliutazama mzigo kwa macho yake kabla haujapakiwa. Wenye mtaji mdogo walichanga, wakajaza kontena moja pamoja. Aliyedanganya alijulikana sokoni na katika ukoo wake, wala hakupata tena wa kushirikiana naye.

Twawasifu kwa akili hiyo, lakini njia yao ina gharama yake. Kijana asiye na jamaa wenye jina hana wa kumdhamini. Akitanguliza fedha zote na mzigo usifike, hana hati ya kumpeleka mtu mahakamani. Siku hizi benki zimo tena mjini Butembo. Lakini benki iombwapo barua hiyo hutaka kwanza amana au rehani, na ada juu yake, na mwenye kuagiza marobota matano ya vitambaa atazipata wapi?