Mbunge: Jumbe au mjumbe?

JUZI ndani ya matatu nilimsikia mpigakura akifoka: “Huyu tulimtuma sisi, lakini siku hizi anajituma!” Nilicheka, kisha nikatafakari. Aliyetumwa ni mjumbe, na mjumbe hauawi kwa sababu maneno si yake. Lakini miji ya Mrima ilikuwa pia na jumbe, mkuu aliyeamua mambo na kubeba lawama.

Je, mbunge wetu ni yupi?

Mtazame Bildad Kaggia, aliyehukumiwa pamoja na Jomo Kenyatta kule Kapenguria mwaka 1953. Baada ya uhuru, akiwa mbunge wa Kandara na waziri msaidizi wa Elimu, alishikilia kwamba wasio na ardhi wapewe bure. Serikali ilipomtaka aache kauli hizo, aliacha cheo mwaka 1964. Mwaka 1966 alijiunga na KPU ya Oginga Odinga. Upesi Katiba ikarekebishwa: mbunge anayehama chama arudi kwa wapigakura. Kaggia alirudi, akabwagwa.

Nia ya marekebisho yale, naona, ilikuwa kuwabana wapinzani. Hata hivyo, kumrudisha mtu kwa waliomtuma si kosa. Kaggia alisema lake waziwazi, nao Kandara wakasema lao.

Basi mwenye msimamo na aushike, mradi akubali gharama yake. Anayenitia hofu ni yule asiye jumbe wala mjumbe: hana lake, wala hana letu.