Mzizi wa Jino na Mizizi ya Porini

Shangazi yangu anakaa Soga, huku Pwani, kwenye ule udongo wa kichanga unaopatana na mikorosho kuliko mahindi. Gego lake la chini lilimnyima usingizi siku tatu mfululizo. Akasukutua maji ya gome la mwembe, akabana karafuu, mwisho akapanda treni kwenda mjini. Daktari wa meno alimpiga picha ya eksirei, akamwambia jino halina haja ya kung'olewa, atafanyiwa tiba ya mizizi. Shangazi akamjibu kwa upole: "Mwanangu, mizizi hata Soga ipo. Nauli yote hii ya nini?"

Aliponisimulia nilicheka, kisha nikaona hana kosa. Hii a-unganifu yetu, ile "ya" ya "tiba ya mizizi", ina ukarimu uliopitiliza. Tiba ya malaria inatibu malaria, lakini tiba ya mizizi, kwa mtu wa Pwani ambako dawa huchimbwa, inatibu kwa mizizi. Na mizizi na meno ni watu wanaofahamiana siku nyingi: mswaki wa asili, ule wa mti wa mswaki, hukatwa kwenye vijiti na hata kwenye mizizi ya mti huo. Daktari alidhani ametafsiri. Mgonjwa akasikia jambo jingine kabisa.

Majina mengine yaliyopo hayajatulia. Vijana wa mjini wanasema "ruti kanali". Kanali tunayemjua huku, jirani na JKT Ruvu, ni mwanajeshi. Wanaofuata Kiingereza neno kwa neno wanapendekeza "mfereji wa mzizi", na kwa Mzanzibari mfereji ni pale anapokinga ndoo ya maji. Wengi, wakiwemo wahudumu wa meno wenyewe, husema "kuua mshipa". Katika hilo hatuko peke yetu: Wafaransa huita tiba hii kwa neno lenye maana ya kuondoa uhai, na Waarabu husema kuvuta neva. Ila mshipa wa Pwani una mambo yake. Mwambie mzee wa kiume kwamba unakwenda kumuua mshipa, atafikiri unazungumzia ngiri au busha, na atashangaa kwa nini umemwambia afungue mdomo.

Zaidi ya hayo, mara nyingi mshipa unaodaiwa kuuawa ulishakufa wenyewe. Ndani ya jino, chini ya tabaka mbili ngumu, kuna kiini: nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, inayoshuka ndani ya kila mzizi kwa njia nyembamba mno. Jino likitoboka, bakteria wakakifikia kiini, kinavimba. Lakini kinavimbia wapi, na kuta zote ni ngumu? Ndipo jino linapopwita usiku kucha. Baadaye kiini kinakufa na maumivu yanakatika ghafla, na hapo ndipo gome la mwembe linapopata sifa isiyo yake. Jino limenyamaza tu. Chini, kwenye ncha ya mzizi, usaha unajikusanya taratibu ndani ya mfupa.

Hospitali nyingi humaliza habari hiyo kwa koleo. Kung'oa ni kazi ya siku moja na bei yake inabebeka. Linalofuata ni pengo, na majirani wa pengo huanza kuliinamia. Meno ya bandia yapo, lakini wahenga walishasema jino la pembe si dawa ya pengo.

Sasa tazama daktari anafanya nini hasa anapoamua kuliokoa. Baada ya sindano ya ganzi anatoboa jino kwa juu mpaka kwenye kiini. Gego la chini kwa kawaida lina mizizi 2 na njia 3. La kwanza la juu lina mizizi 3, na mara nyingi njia 4. Anaingiza faili, sindano ndogo yenye meno kama msasa, na ile nyembamba, ncha yake inaweza kuwa na kipenyo cha milimita 0.10. Anakwangua, anatoa kilichooza, anaosha kwa dawa yenye kemikali ileile iliyomo kwenye jiki (asije mtu akasukutua jiki nyumbani). Njia ikishakauka na kuwa safi, anaijaza mpaka karibu na ncha, kisha anafunga juu.

Yaani anazibua, halafu anaziba. Kiswahili kina kauli ya kutendua: funga na fungua, choma na chomoa, ziba na zibua. Tiba nzima imelala ndani ya shina moja la kitenzi, nasi tunahangaika na kanali! Mimi ningeiita "kuzibua na kuziba mzizi wa jino", na kwa ufupi, pale wasomaji wameshazoea, "uzibaji wa mzizi". Inajitenga na kuziba jino kwa kawaida, ambako mzizi hauguswi, na haimpi mtu nafasi ya kufikiria mizizi ya porini.

Kile ambacho njia hujazwa nacho kina safari yake. Ni gutapacha, utomvu wa miti ya huko Malaya. Nusu ya kwanza ya jina inatokana na neno la Kimalei lenye maana ya utomvu. Utomvu huohuo ulivishwa nyaya za telegrafu za chini ya bahari, ukiwemo waya ulioiunganisha Zanzibar na Aden mwaka 1879. Kwa hiyo sioni haya kulipokea neno hilo kama lilivyo. Lina ukoo na pwani yetu.

Shangazi alirudi mjini mara mbili, na gego likavalishwa kofia, maana jino lisilo na kiini huvunjika kirahisi kama limebaki na kuta nyembamba. Halisikii tena baridi ya maji ya mtungi, lakini akiuma korosho analisikia, kwa kuwa nyuzi zinazolishika kwenye mfupa ziko nje ya mzizi na bado ni hai.

Jirani yake alimuuliza uwani wamemfanya nini huko.

"Wameniziba mzizi."

"Mzizi wa jino unazibwaje, dada?"

"Wanauzibua kwanza."

Jirani akatikisa kichwa kukubali, akaacha kuuliza habari za mzizi. Akauliza bei.