Samuel Thomson: Mkulima Aliyeuza Tiba kwa Dola 20

Desemba 1809, mjini Salem, bandari ya Massachusetts ambayo baadaye meli zake zilikuja Unguja kufuata pembe na sandarusi, mkulima mmoja alipandishwa kizimbani kwa shtaka la mauaji. Kijana Ezra Lovett alikuwa amefariki mwezi Januari baada ya kunyweshwa mara kadhaa dawa ya kutapisha iliyotengenezwa kwa mmea wa lobelia. Mshtakiwa, Samuel Thomson, hakuwa na cheti chochote cha udaktari. Jaji Mkuu Theophilus Parsons hakuona ushahidi wa nia ya kuua, na jopo la raia likamwachia huru. Miaka michache baadaye, mtu huyo alikuwa ameanzisha mfumo wa tiba ya mimea uliotikisa udaktari wa Marekani.

Thomson alizaliwa tarehe 9 Februari 1769 huko Alstead, New Hampshire, katika familia maskini iliyokuwa ikifyeka msitu ili ipate shamba. Shule aliipata kidogo sana. Elimu yake ya kwanza ya dawa aliipata kwa Mama Benton, mjane wa jirani aliyetibu kwa mizizi na majani, na ambaye alikwenda naye porini kuchuma. Lobelia aliigundua mwenyewe akichunga ng'ombe. Aliitafuna, ikamchefua, kisha akawa anawashawishi watoto wenzake waionje ili aone wakitapika.

Utu uzima ulimfundisha kwa uchungu. Mwaka 1790 mama yake alifariki mikononi mwa madaktari, kwa surua iliyoshukia mapafu. Mkewe naye alipozidiwa baada ya kujifungua mtoto wao wa kwanza, madaktari walishindwa, akaja kuponywa na waganga wa mizizi. Baadaye binti yao mdogo aliugua vibaya. Thomson alimpakata kitini, wakafunikwa blanketi, huku siki ikimwagwa juu ya chombo cha moto kilichowekwa chini yao ili mvuke upande. Mtoto alipona. Yeyote aliyewahi kupigishwa nyungu na bibi yake anaielewa tiba hiyo bila kuelezwa.

Hasira yake dhidi ya madaktari haikuwa ya bure. Enzi hizo waliosoma waliwatoa wagonjwa damu na kuwapa kalomeli, dawa ya zebaki iliyotiririsha mate na kung'oa meno. George Washington mwenyewe, Desemba 1799, alitolewa damu mara nne siku ya mwisho ya uhai wake. Thomson alishika nadharia nyepesi: joto ni uhai, baridi ni maradhi. Kwa hiyo mgonjwa atapishwe kwa lobelia, apashwe moto kwa pilipili kali na mvuke, asafishwe tumbo, kisha arudishiwe nguvu kwa dawa chungu. Dawa zake kuu zilikuwa sita, zikajulikana kwa namba. Namba 6 ilikuwa matone ya pombe kali, manemane na pilipili.

Mwaka 1813 alipata hataza ya serikali juu ya mfumo huo, na mwaka 1822 akachapisha kitabu chake, *New Guide to Health*. Kwa dola 20 familia ilinunua haki ya kujitibu yenyewe, ikaingia katika vyama vya wenzao na kuahidi kutowafichulia siri wasiolipa. Mwaka 1839 alidai kwamba haki 100,000 zilikuwa zimeuzwa. Wafuasi wake walisaidia kuyashinikiza majimbo kufuta sheria zilizowabana matabibu wasio na leseni. Huko New York, mwanawe John alikuwa mstari wa mbele, na sheria ya jimbo hilo ikaondolewa mwaka 1844.

Hapa ndipo pa kumpima. Alihubiri kwamba tiba ni mali ya kila kaya, lakini maarifa aliyoyapata bure kwa Mama Benton aliyazungushia uzio wa hataza. Alipinga vyuo, akihofia wataalamu wapya watageuka mabwana wapya. Alva Curtis hakukubaliana naye. Alifungua shule ya tiba ya mimea Ohio, na mwaka 1838 harakati ikagawanyika. Thomson alifariki Boston, Oktoba 1843, akiwa bado anagombana na wanafunzi wake.

Lakini ni wafuasi wake waliozirefusha siku za kazi yake. Albert Coffin alivuka bahari na kupeleka mafundisho hayo Uingereza, yakashika mizizi kwa wafanyakazi wa viwandani. Mwaka 1864 waganga wa mimea wa nchi hiyo waliunda chama chao cha kitaifa, na warithi wake wapo hadi leo.

Lobelia ina sumu, na kifo cha Lovett hakipaswi kusahauliwa. Sayansi imeikataa nadharia ya joto na baridi, kama ilivyokataa zebaki ya wapinzani wake. Kilichobaki imara ni dai lake kwamba mgonjwa ana haki ya kujua anachonyweshwa na sababu yake. Dai hilo alilivunja mwenyewe alipouza siri. Tunaoandika na kukusanya maarifa ya mitishamba tunapaswa kulitimiza: tuyaweke wazi, tuyapime, na tuwataje kina Mama Benton waliotufundisha.