Maziwa, shu na chaki: historia ya moto wa kifua kabla ya omeprazoli

Wenzangu, mtu akisema tu "gastrite inanisumbua", hapohapo kuko mwenye kumujibu: kunywa maziwa, kunywa maji ya shu, lamba bikarbonati, achana na makomprime ya farmasi. Mimi si munganga, niko mtu wa udongo na mimea. Lakini kila moja ya shauri hizo iko na historia yake, na historia hiyo inasaidia kuchagua kuliko mabishano yetu ya "dawa ya asili" na "dawa ya wazungu".

Nianze na kile tunajua sisi wa agronomia. Udongo ukiwa na asidi mingi, tunatia chokaa. Mwaka 1824, huko London, munganga William Prout alionyesha kama asidi ya tumbo ni asidi ya kloridriki. Watu hawakumungojea: zamani sana walikuwa wanalamba chaki na unga wa makombe ya bahari ili moto wa kifua utulie. Chaki ni kalsiamu karbonati, kitu kilekile tunamwanga shambani, na ndicho kiko ndani ya komprime mingi za kutafuna za farmasi. Kwa hiyo hapo "asili" na "farmasi" ni jiwe moja. Tofauti ni kwamba ukitia chokaa shambani unaweza kutulia msimu mzima, lakini tumbo linatengeneza karibu litre 1.5 mpaka 2 za maji yake kila siku. Unazimisha moto, kisha kidogo unawaka tena.

Maziwa sasa. Mwaka 1915, munganga wa Chicago jina lake Bertram Sippy aliandika mpango wa kula kwa wenye vidonda vya tumbo: kila saa maziwa na krema, na katikati yake poda za kupunguza asidi. Mpango huo ulienea sana, na ulitumika miaka makumi. Bibi zetu wanaosema "kunywa maziwa" hawakulisoma jina la Sippy popote, lakini wanasema kile waganga wenyewe walisema wakati ule. Mwaka 1923 tayari, waganga wa Mayo Clinic waliandika kuhusu wagonjwa wa mpango huo walioanza kutapika, kuumwa kichwa, na figo zao kuharibika: kalsiamu na poda zilizidi mwilini. Halafu, miaka ya 1970, watafiti walipima asidi nyuma ya kunywa maziwa, wakakuta inapanda. Protini na kalsiamu ya maziwa inaambia tumbo litoe asidi zaidi. Ndiyo maana unasikia nafuu kidogo, kisha kifua kinawaka tena.

Shu ina kisa kinachonifurahisha zaidi. Mwaka 1949, Garnett Cheney wa Stanford, California, alitangaza kama wagonjwa 13 wenye vidonda walikunywa maji ya shu mbichi, karibu litre moja kwa siku, wakapona haraka. Akadai kuko kitu ndani ya shu, akakiita "vitamini U". Basi, wenzangu wa agronomia, mngekubali memwari yenye parseli 13 zote zimetiwa mbolea, bila hata moja isiyotiwa ya kulinganisha? Vidonda vingine vinapona vyenyewe. Shu inaweza kuwa ilisaidia, lakini jaribio lile halikuweza kutuonyesha.

Mizizi ya reglisi ilienda njia ingine. Huko Uholanzi, karibu na mwisho wa vita ya pili ya dunia, munganga Revers aliona wagonjwa waliokunywa dawa ya reglisi wanapata nafuu, lakini wengine wanavimba uso na miguu. Kutoka mzizi huo, wataalamu wa Uingereza walitengeneza karbenoksoloni, dawa ya kwanza ya vidonda iliyoonekana kufanya kazi kweli, miaka ya 1960. Ilipandisha tansio na kumaliza potasiamu, sawa vile mzizi wenyewe. Nasema hivi kwa sababu nasikia mara mingi kama mti hauna madhara.

Kisha ikaja simetidini ya James Black mwaka 1976, na omeprazoli mwaka 1988. Hizi hazizimishi asidi iliyokwisha kutoka, zinapunguza utengenezaji wake. Lakini mapinduzi yenyewe yalitokea Perth, Australia. Robin Warren na Barry Marshall waliona ndani ya matumbo ya wagonjwa mikrobi tunayoita leo Helicobacter pylori. Watu hawakuwaamini, basi mwaka 1984 Marshall akakunywa mikrobi hiyo yeye mwenyewe, tumbo lake likawaka. Walipata Nobel mwaka 2005. Kumbe vidonda vingi vinatoka kwa mikrobi, na mikrobi hiyo imejaa Afrika. Maziwa haiiui, shu haiiui, omeprazoli peke yake haiiui pia. Inataka antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, siku 7 mpaka 14, na kwa amri ya munganga.

Hapa ndipo neno letu "gastrite" linatudanganya, kwa sababu tunaweka ndani yake magonjwa mbili. Moto unaopanda kifuani mara mingi ni asidi inayorudi kwenye umio. Asher Winkelstein aliueleza kama ugonjwa wa peke yake mwaka 1935. Kwa huo, vitu vya nyumbani vinavyosaidia kweli si vya kunywa: kula mapema, masaa matatu mbele ya kulala, kupandisha kichwa cha kitanda sentimetre 15 ao 20 kwa matofali, kulalia upande wa kushoto, kupunguza uzito, pombe na tumbaku. Maji ya ndimu ni asidi yenyewe. Bikarbonati imejaa sodiamu, mwenye tansio aikimbie. Na mama mwenye mimba anayekula udongo mweupe wa sokoni kwa kutuliza kifua, udongo huo unazuia chuma cha damu na unaweza kubeba plombi.

Mtu anayetapika damu, mwenye choo cheusi sawa makaa, anayeshindwa kumeza ao anayekonda bila sababu, aende hospitali siku ileile. Vilevile maumivu ya kifua yanayoenda mpaka mkono, hiyo inaweza kuwa moyo. Na kama ni tumbo linalouma miezi, omba wapime mikrobi kwa choo ao kwa pumzi. Kipimo cha damu kinaweza kusema ndiyo hata kama mikrobi ilikwisha kutoka zamani.