Kikapu Kilipoitwa Kazi za Mikono

Ukitoka Voi kuelekea Taveta, barabara inapita Mwatate, ambako mkonge umepandwa mistari kwa mistari hadi macho yachoke. Halafu inapita Bura na Maktau, inakata mbuga ya Tsavo Magharibi, na kabla tu ya Taveta unakutana na kilima kidogo kilichokaa peke yake kwenye tambarare. Hicho ndicho Salaita. Mawingu yakiondoka, Kilimanjaro iko hapo mbele yako.

Wanahistoria wanakijua kilima hiki kwa ajili ya vita. Mimi nina swali lingine. Katika pembe hii ya Kenya, kuchonga, kusuka na kupaka rangi vilifikaje shuleni, na mbona wazazi wetu wengi bado hawayahesabu hayo kama masomo?

Lakini lazima tupitie vita kwanza, maana sanamu zilitoka huko. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, wakajichimbia Salaita. Tarehe 12 Februari 1916, jeshi la Waingereza likatuma kikosi cha Afrika Kusini kilichokuwa kimewasili juzi juzi tu. Mizinga ikapiga kileleni, kumbe mahandaki yalikuwa chini, miguuni mwa kilima. Kikosi kikarudishwa nyuma na hasara ya watu zaidi ya 130. Mwezi uliofuata Wajerumani wakaondoka wenyewe.

Nyuma ya majeshi hayo walikuwepo wapagazi. Walibeba risasi, unga na maji, na makumi ya maelfu wao wakafa kabla vita kwisha, wengi kwa magonjwa na njaa. Kikosi chao, Carrier Corps, ndicho kilichotupa jina la Kariokor, Nairobi, na Kariakoo ya Dar es Salaam. Mwaka 1928 Nairobi ikapata sanamu za shaba za askari na mpagazi, zile zilizopo Kenyatta Avenue. Mchongaji wake alikuwa Mwingereza, James Alexander Stevenson, ambaye pia alitengeneza sanamu za ukumbusho wa vita hivyo kwa Mombasa na Dar es Salaam. Kwa hivyo mpagazi alipata sanamu. Mtoto wa mpagazi je, alikuwa anafundishwa nini?

Alifundishwa kazi za mikono. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki ikachunguza shule. Ushauri wake ulikuwa kwamba elimu ya Mwafrika ifuate maisha ya kijijini: kilimo, afya, ufundi. Mwaka 1925 shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, kuwaandaa walimu wa kupeleka elimu ya namna hiyo vijijini. Kwenye karatasi, wazo si baya. Nani atakataa mtoto ajue kulima na kusuka? Lakini wazazi hawakuwa wajinga. Waliona kwamba mtoto wa mzungu anapewa vitabu vitakavyompeleka ofisini, na wa kwao anapewa jembe na kikapu vitakavyomwacha palepale alipo. Wakadai vitabu. Tukiwacheka leo kwa kupenda makaratasi, tukumbuke kwamba walikuwa wameusoma mchezo vizuri.

Kosa lilikuwa kwenye jina. Kikapu kiliingia darasani kama kazi ya mtu ambaye hatarajiwi kufikiri.

Njia nyingine ilianzia Kampala. Margaret Trowell, Mwingereza aliyesomea sanaa London, alikuwa ameishi Machakos na kuona ufundi wa Wakamba kabla ya kuhamia Uganda. Mwaka 1937 alianza kufundisha sanaa nyumbani kwake, na madarasa hayo yakazaa shule ya sanaa ya Makerere. Mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo alikuwa Gregory Maloba, kijana wa Mumias, ambaye alijifunza kuchonga, akawa mwalimu hapo hapo, na mwaka 1962 akaipa Kampala mnara wake wa Uhuru. Baadaye akaja kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Miaka 34 baada ya sanamu ya Stevenson, mji mkuu wa Afrika Mashariki ulikuwa na sanamu ya taifa iliyochongwa na Mwafrika aliyesomea kazi hiyo.

Makerere iliwachukua pia vijana wa mlima ule unaoonekana kutoka Salaita. Sam Ntiro alitoka Machame, Elimo Njau alitoka Marangu, ng'ambo tu ya mpaka wa Taveta. Njau ndiye aliyechora kuta za kanisa la Murang'a, kazi aliyoimaliza 1959, akamweka Yesu Mwafrika katika mandhari ya Kenya. Mwaka 1965 yeye na wenzake wakaanzisha Paa ya Paa, Nairobi. Hapa sanaa ilikuwa fikra kamili. Shida ni kwamba ilikuwa ya wachache waliofika chuoni.

Serikali ilijaribu kuifikisha kwa wote. Tume ya Mackay ya 1981 ilizaa mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, na Sanaa na Ufundi ikaingia kwenye mtihani wa darasa la nane. Wazazi wakachanga pesa za karakana. Lakini masomo yalikuwa mengi, vifaa vichache, na mageuzi ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalipopunguza mitihani ya msingi, Sanaa na Ufundi ikatolewa. Kipindi kikabaki kwenye ratiba, ila sote tunajua somo lisilo na mtihani hugeuka kuwa nini: hesabu ya ziada. Sekondari likabaki somo la hiari, katika shule chache.

Sasa tuko kwenye CBC, na mwaka 2026 wanafunzi wa kwanza wameingia Gredi ya 10, ambapo Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mojawapo ya njia tatu. Mtaala unataka mtoto achore, apake rangi, achonge, asuke, na aunganishe vifaa mbalimbali katika kazi moja. Wazazi nao wanalalamika: vifaa ni pesa, na si kila shule ina njia hii.

Tuangalie basi kikapu cha mkonge ambacho akina mama wa Taita wanasuka mpaka leo. Jani linaparuzwa hadi nyuzi zibaki, zinaanikwa, zinatiwa rangi, zinasokotwa pajani. Msusi anaanzia kitakoni, anaongeza nyuzi za wima kadiri duara linavyopanuka, na lazima azigawe sawasawa, la sivyo nakshi haitakutana ikimaliza mzunguko. Hiyo ni hesabu. Umbo linalosimama lenyewe ni uchongaji. Kupanga rangi ni kazi ya mchoraji. Mikanda ya ngozi na shanga zikiongezwa, tayari ni vifaa mchanganyiko. Mtaala umegawa mara nne kitu ambacho mama huyu anakifanya kwa mkao mmoja.

Lakini shule ikimwita, mara nyingi anakuja kama mgeni wa siku moja, anapigwa picha, anapewa soda, anaenda. Akirudi nyumbani, kikapu chake kinauzwa Kariokor, kwenye soko lililobeba jina la wapagazi, bila jina lake popote.

Ndiyo maana naona mwalimu wa sanaa wa Mwatate au Taveta hahitaji kusubiri makasha ya rangi kutoka Nairobi. Anahitaji bajeti ya kumlipa msusi muhula mzima, na ruhusa ya kuweka maksi kwa hesabu za nakshi, kwa makosa yaliyofumuliwa na kusukwa upya, kwa maelezo ya mwanafunzi kuhusu kwa nini alichagua umbo hili. Na kazi ikitundikwa ukutani, iwe na majina mawili: la mtoto na la aliyemfundisha. Bila hayo, mzazi atamwona mtoto wake na kikapu mkononi na kuona kile alichoona babu yake mwaka 1925, na atakuwa na haki ya kudai vitabu.